Jinsi ya Kupima Ubora wa Maisha ya Mgonjwa Aliyevunjika Mguu: Mwongozo Kamili wa Kutumia EQ-5D-5L

Simu ninazopigiwa kuhusu jambo hili hufanana. Mwanafunzi wa uuguzi, daktari aliye kwenye mafunzo, mtaalamu wa mazoezi tiba: amewafuatilia wagonjwa wa mifupa kwa miezi, amejaza hojaji zote, na sasa namba zake zinamwambia kwamba mtu aliyevunjika paja wiki sita zilizopita hana shida yoyote. Mwingine anauliza ajumlishe vipi. Mwingine wagonjwa wake wengi hawapatikani tena. Mara nyingi kosa limeshatokea kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi kwenye kiti.

Nimechukua mfano mmoja ili tusielee hewani: mtu mzima aliyevunjika mguu, tuseme kwa ajali ya bodaboda, akafanyiwa upasuaji, nasi tunataka kujua anaishije katika mwaka unaofuata, kwa kutumia EQ-5D-5L, hojaji fupi ya maswali matano na mizani moja ya afya. Anayefuatilia wagonjwa wa kiharusi, wa kuungua moto au wa upasuaji wa ngiri atapita njia hii hii, akibadilisha tarehe na maswali ya nyongeza.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba eksirei inaonyesha mfupa umeunga. Haionyeshi kama mtu anaweza kuchuchumaa chooni, kupanda daladala, au kulala usiku bila kuamshwa na maumivu. Hayo anayajua mwenyewe, na kazi yetu yote ni kuyapokea kama alivyoyasema.

## Andaa hivi kwanza

- Hojaji rasmi ya EQ-5D-5L ya Kiswahili, toleo la kuhojiana ana kwa ana, pamoja na toleo la simu kama utapiga simu. Iombe kwa EuroQol, wenye kipimo, kupitia tovuti yao.
- Kibali cha maadili ya utafiti na ruhusa ya maandishi ya hospitali. Tanzania Bara utapita NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya chuo chako. Kenya utahitaji kamati ya maadili inayotambuliwa pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu).
- Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili cha watu, isiyozidi kurasa mbili.
- Daftari la ufuatiliaji lenye tarehe zote za kila mgonjwa.
- Namba tatu za simu kwa kila mgonjwa: yake, ya ndugu wanayeishi pamoja, na ya mtu wa tatu asiyehama hama, kama mwenye nyumba au balozi wa mtaa.
- Chumba au hata kona yenye pazia, na viti viwili.
- Jina na simu ya mtu wa kumpelekea mgonjwa utakayemkuta na huzuni nzito: muuguzi wa afya ya akili, ofisa ustawi wa jamii, daktari wa zamu.
- Vocha za simu, na fungu la nauli ikiwa kibali chako kinaruhusu.

Tahadhari mbili hapa. Usitafsiri hojaji mwenyewe, na usiinakili kutoka kwenye kiambatisho cha tasnifu ya mtu mwingine. Maneno ya toleo rasmi yamepimwa kwa watu, na ukibadilisha hata moja huwezi tena kulinganisha namba zako na za wengine.

Pili, angalia uchapishaji. Mizani ya 0 hadi 100, mstari ambao mgonjwa anaonyeshea afya yake, ina urefu wa sentimita 20. Mashine ya kuchapa ikipunguza ukurasa ili utoshee, mstari unafupika. Chukua rula, upime ukurasa wa kwanza kabla ya kutoa nakala mia.

## Hatua ya 1: Hakikisha kipimo kinajibu swali lako

EQ-5D-5L ina maswali matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu au usumbufu wa mwili, na wasiwasi au huzuni. Kila swali lina ngazi tano, kutoka kutokuwa na tatizo hadi kushindwa kabisa au kuzidiwa kabisa. Baada ya hapo mgonjwa anaonyesha afya yake kwenye mizani ya 0 hadi 100. Yote yanahusu leo. Inachukua dakika chache, na ndiyo sababu naipendekeza kwa kliniki yenye foleni.

Vipo vipimo vingine vizuri. SF-36 ina maswali 36, mengi yakiuliza kuhusu wiki nne zilizopita. Toleo lake la Kiswahili liliandaliwa kwa ajili ya Tanzania, na matokeo ya kulijaribu yalichapishwa mwaka 1999. WHOQOL-BREF ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 26 kuhusu wiki mbili zilizopita, na inagusa hata mazingira, fedha na uhusiano na watu. WHODAS 2.0 inaangalia siku 30 na inapima zaidi ulemavu na uwezo wa kutenda.

Andika swali lako la utafiti kwa sentensi moja, kisha chagua. Ukitaka kulinganisha matibabu mawili, au kukokotoa kama matibabu yanastahili gharama yake, EQ-5D inakufaa. Ukitaka kujua kama mtu bado ana nafasi yake katika familia na jamii, WHOQOL-BREF itakuambia zaidi. Usimrundikie mgonjwa mwenye maumivu vipimo vinne kwa siku moja. Cha tatu na cha nne atajibu ili aende nyumbani.

## Hatua ya 2: Chagua mhojaji na umfundishe

Anayeuliza asiwe daktari aliyempasua. Mgonjwa anamheshimu, anamshukuru, na anaogopa kumkatisha tamaa. Akiulizwa na daktari wake kama ana maumivu, atapunguza ngazi moja au mbili kwa adabu tu. Muuguzi asiyemhudumia, mtunza kumbukumbu au mwanafunzi asiye na koti jeupe atapata jibu la kweli zaidi.

Mafunzo yawe ya kusoma kwa sauti. Kila mhojaji asome hojaji nzima mbele ya wenzake mara tano, neno kwa neno, kwa mwendo wa taratibu. Kisha wahoji watu watano wa majaribio, na kila mmoja wa hao aulizwe: “Swali hili umelielewaje? Niambie kwa maneno yako.” Utakayoyasikia hapo yatakuokoa baadaye.

Umefaulu ikiwa wahojaji wawili tofauti wakimhoji mtu mmoja kwa siku moja wanapata majibu yanayolingana.

## Hatua ya 3: Panga tarehe zote siku ya kwanza

Kwa mivunjiko ya miguu natumia ratiba hii: wodini kabla ya kuruhusiwa, wiki ya 6, mwezi wa 3, mwezi wa 6 na mwezi wa 12. Siku ya 1 ni siku ya upasuaji. Watu wengi huhesabu kuanzia siku ya kuruhusiwa, na hapo aliyelala wodini wiki mbili na aliyelala siku nne wanakuwa kwenye saa mbili tofauti.

Weka na dirisha la kila tarehe. Wiki ya 6 iwe na siku saba kabla na saba baada. Mwezi wa 12 unaweza kupewa wiki nne kila upande. Mvua, mavuno na nauli vitawachelewesha watu, na dirisha lililoandikwa mapema linakuzuia kuamua kwa huruma nani ahesabiwe.

Mwaka mzima unaweza kuonekana mrefu, lakini usiupunguze. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, jaribio la kulinganisha chuma cha ndani ya mfupa na vyuma vya nje kwa mivunjiko ya wazi ya muundi, lililochapishwa mwaka 2020, liliwafuata wagonjwa mwaka mzima na kuwauliza pia kuhusu ubora wa maisha yao. Mtu wa muundi uliovunjika na kidonda wazi anaweza kuwa nafuu mwezi wa tatu, akaanza kutoa usaha mwezi wa saba.

## Hatua ya 4: Chukua hali yake ya kabla ya ajali

Mgonjwa wa goti lililochakaa unaweza kumhoji kabla ya upasuaji uliopangwa. Aliyegongwa na gari jana huna namna hiyo. Alikuwa mzima asubuhi, jioni yuko wodini. Kwa hiyo unamhoji mara mbili akiwa hapo: kwanza kuhusu afya yake siku ya kabla ya ajali, kisha kuhusu leo. Tumia karatasi mbili zenye vichwa vinavyoonekana wazi, na umalize ya kwanza kabla ya kugusa ya pili. Kutumia hojaji kwa siku iliyopita ni matumizi ya ziada, hivyo yataje katika maombi yako ya ruhusa na katika ripoti.

Kumbukumbu ya kabla ya ajali hupendeza kuliko ulivyokuwa ukweli wenyewe. Mtu aliyelala na mguu umening’inizwa huikumbuka jana yake kama siku ya afya tele, hata kama kiuno kilikuwa kinamuuma. Ndiyo maana uichukue ndani ya siku chache za mwanzo, usingoje kliniki ya wiki ya sita.

Siku hiyo hiyo andika pembeni kazi yake halisi: anaendesha bodaboda, anauza samaki feri, analima mpunga, analea wajukuu. Sababu yake utaiona mbele.

## Hatua ya 5: Maliza salamu, ndipo uulize

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo data nyingi za Kiswahili zinapoharibika.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya mhojaji mpya. Mgonjwa ni kijana wa bodaboda, magongo mawili yameegemea ukuta, suruali imepasuliwa mguu mmoja ili kupisha vyuma.

“Za leo kaka? Unaendeleaje?”

“Nzuri tu dada. Namshukuru Mungu.”

“Kutembea je, una shida?”

“Hapana, naendelea vizuri.”

Dada akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza: hana tatizo. Nikamwomba arudie swali, safari hii asome ngazi zote tano kama zilivyoandikwa, bila kuruka. Kijana akasikiliza hadi mwisho, akayatazama magongo yake, akasema kwa sauti ya chini: “Hiyo ya nne.”

Hakuwa amedanganya mara ya kwanza. Alikuwa anajibu salamu. Sisi tunaulizwa “habari” na tunajibu “nzuri”, hata aliyefiwa huanza na “nzuri”, kisha ndipo anasema “ila...”. Swali lolote linalokuja na sauti ya salamu litapata jibu la salamu. Na mwenye imani huona kulalamika mbele ya mtu kama kukosa shukrani kwa Mungu aliyemtoa kwenye ajali akiwa hai.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Salimia kikamilifu, kama inavyostahili: shikamoo kwa mkubwa, habari za nyumbani, za watoto, pole kwa safari. Usifupishe, ukifupisha, salamu itajimalizia ndani ya hojaji.
2. Weka mpaka unaosikika. Mimi nasema: “Asante. Sasa salamu tumemaliza. Nitakusomea maswali, na kila swali lina majibu matano. Hakuna jibu zuri wala baya, na matibabu yako hayatabadilika kwa jibu lolote.” Kisha nyamaza kidogo, fungua karatasi.
3. Soma swali na ngazi zote tano kila mara, hata akijibu katikati. Mwambie kwa upole, “Nimalizie yote, kisha uchague.”
4. Rudia jibu lake: “Umechagua matatizo makubwa ya kutembea, ndivyo?” Akithibitisha, tia alama.
5. Asipoelewa, lisome tena kama lilivyo. Usilieleze kwa maneno yako, maana kila mhojaji ana maelezo yake, na mwishoni mtakuwa mmeuliza maswali tofauti.

Ndugu wasubiri nje. Waombe kwa heshima: “Mama, naomba nizungumze naye dakika kumi, kisha nitakuita.” Mume hatasema ana huzuni mkewe akiwa ameketi pembeni, na binti atajibu kwa niaba ya baba yake kabla baba hajafungua mdomo.

## Mitego ya kila swali

Kutembea. Mgonjwa huuliza, “Nikiwa na gongo au bila gongo?” Jibu ni vile anavyotembea leo, kwa hali yake ya kawaida ya leo. Akitumia gongo, ndivyo anavyotembea.

Shughuli za kawaida. Huu ndio mtego mkubwa. Mtu aliyekaa nyumbani miezi mitatu anasema hana tatizo, kwa kuwa shughuli yake sasa ni kukaa. Soma swali tena pamoja na mifano iliyomo: kazi, masomo, kazi za nyumbani, familia, mapumziko. Akishikilia jibu lake, liandike hivyo hivyo. Usimsahihishe. Ile kazi uliyoiandika siku ya kwanza ndiyo itakayokusaidia: katika maswali ya nyongeza utamuuliza kama amerudi kwenye bodaboda, kwenye samaki, kwenye mpunga, nawe utaona pengo kati ya majibu mawili.

Maumivu. “Nikinywa dawa hayapo.” Anajibu kama anavyojisikia leo, dawa ikiwa imo. Andika kwenye karatasi ya nyongeza kama amekunywa dawa ya maumivu tangu jana na ni ipi. Bila hilo, utamweka mtu anayeishi kwa tramadol, dawa kali ya maumivu, pamoja na aliyepona.

Wasiwasi au huzuni. Sauti yako isibadilike unapofika hapa. Ukishusha sauti, mgonjwa anasikia kwamba umefika mahali pa aibu. Akichagua mojawapo ya ngazi mbili za mwisho, au akitamka kwamba haoni sababu ya kuishi, weka kalamu chini. Mahojiano yameishia hapo kwa wakati huo. Kaa naye, usimwache peke yake, na mpigie yule mtu uliyemwandika kwenye maandalizi, siku hiyo hiyo. Ninawasihi wahojaji wote: msimpangie huyu tarehe ya kurudi. Dereva aliyekuwa akilisha watu sita, pikipiki ni ya mkopo na tajiri anataka hesabu yake, yuko katika hatari ya kweli.

## Hatua ya 6: Mizani ya 0 hadi 100

Ukimkabidhi mtu karatasi na kumwambia “chagua namba”, atasema 50 au 100. Hamsini ni kati kwa kati, mia ni kama mtihani wa shule.

Weka karatasi wima mbele yake, miguu ya mstari ikimwelekea yeye. Soma maelezo rasmi pole pole huku kidole chako kikigusa ncha ya juu, afya bora kabisa anayoweza kuifikiria, kisha ncha ya chini, afya mbaya kabisa anayoweza kuifikiria. Ondoa mkono wako. Usiuache katikati, maana kidole chako ni pendekezo. Mwache yeye aguse mstari, atie alama ya X, kisha aandike namba kwenye kisanduku au akuambie uiandike.

Kabla hajaondoka, angalia kama X na namba vinakubaliana. Visipokubaliana, muulize papo hapo. Ukigundua baadaye akiwa ameshaondoka, inatumika namba ya kwenye kisanduku.

Wasiojua kusoma wanaweza kufanya hatua hii vizuri tu; nimemwona bibi akisogeza kidole chake taratibu kutoka chini, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasema, “Hapa, mjukuu wangu. Nilitaka kuongopa.” Dalili ya kufaulu ni namba zilizotawanyika. Ukikuta mhojaji mmoja ana 50, 50, 80, 50, 100, nenda ukakae nyuma yake.

## Hatua ya 7: Maswali ya nyongeza, baada ya hojaji

EQ-5D haiulizi kuhusu choo cha kuchuchumaa, kusujudu, kukaa kwenye mkeka wala kubeba ndoo ya maji. Kwa wagonjwa wetu hayo ndiyo maisha. Yaongeze, lakini kwenye karatasi yako tofauti na baada ya hojaji rasmi kumalizika. Ukiyachomeka katikati unabadilisha majibu yanayofuata.

Mimi nauliza saba: kuchuchumaa, kusujudu au kupiga magoti, kupanda daladala, kubeba mzigo, kulala usiku, kurudi kazini, na deni lililotokana na ajali. Majibu ni ndiyo, kwa shida, au hapana.

Kwa mivunjiko ya paja kuna jaribio rahisi lililotokana na wagonjwa wa Dar es Salaam, likachapishwa mwaka 2019: mgonjwa anachuchumaa na kutabasamu, anapigwa picha, kisha inaangaliwa amefika chini kiasi gani, ameshikilia kitu au la, na uso wake unaonyesha nini. Ni nyongeza nzuri sana kwa kliniki zetu. Usimwombe mgonjwa achuchumae kabla daktari wake hajamruhusu kukanyagia mguu huo, na usipige picha bila ridhaa yake ya maandishi.

## Hatua ya 8: Wafuate wasiorudi

Siku tatu kabla ya tarehe, piga simu kukumbusha. Asipokuja, piga ya pili siku iliyofuata, kisha nenda kwa ndugu, kisha kwa mtu wa tatu. Andika kila simu na saa yake.

Ukihoji kwa simu, tumia toleo la simu na uweke alama kwenye data kwamba lilikuwa la simu. Hakikisha kwanza unaongea na mgonjwa mwenyewe, si mdogo wake mwenye simu. Muulize kama yuko mahali anapoweza kuongea, maana simu nyingi zinasikilizwa sebule nzima. Usimtajie ndugu yeyote ugonjwa wala utafiti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, na hata kama zisingekuwepo, siri ya mgonjwa ni yake.

Usidhani asiyerudi yuko sawa na aliyerudi. Mmoja amepona na yuko barabarani anatafuta riziki. Mwingine mguu umeoza na hana nauli. Ukiwaacha wote, hujui umepoteza upande gani. Na aliyefariki hahesabiwi kama aliyepotea: kwenye ukokotoaji wa thamani (utauona Hatua ya 9) anaandikwa 0 kuanzia siku ya kifo. Nimesoma rasimu zilizowafuta marehemu kwenye jedwali, na wastani wa kundi ukapanda.

Mgonjwa asiyeweza kujibu, kwa mfano aliyeumia na kichwa, ana toleo la kujibiwa na mtu wa karibu. Amua mapema kama unamuuliza ndugu maoni yake mwenyewe, au anachodhani mgonjwa angejibu. Ni matoleo mawili tofauti. Kuhusu kutembea ndugu huona vizuri. Kuhusu maumivu na huzuni hukosea zaidi, kwa hiyo usichanganye majibu yao na ya wagonjwa bila kuyatenga. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 15 lipo toleo lao, EQ-5D-Y.

## Hatua ya 9: Ingiza data na kokotoa

Majibu matano yanaandikwa kama tarakimu tano, kwa mpangilio wa maswali. 21232 maana yake: matatizo madogo ya kutembea, hakuna tatizo la kujihudumia, madogo ya shughuli, maumivu ya wastani, wasiwasi kidogo. Swali lisilojibiwa liandike 9, na mizani isiyojibiwa 999. Usiandike 0 kamwe, kwa sababu kwenye mizani 0 ni jibu halali.

Usizijumlishe hizo tarakimu. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. 11112 na 21111 zote zinajumlika kuwa 6, lakini mmoja ana huzuni kidogo na mwingine anachechemea kidogo. Tarakimu hizo ni majina ya ngazi. Ziko hali 3,125 zinazowezekana, na kila moja inapewa thamani yake kutoka kwenye jedwali lililotengenezwa kwa kuwauliza wananchi wa nchi fulani waonavyo uzito wa kila hali. 11111 ni 1, kifo ni 0, na hali mbaya mno zinaweza kushuka chini ya sifuri.

Kwa ngazi tano, Uganda na Ethiopia zina majedwali yao. Jedwali la Zimbabwe linalotajwa sana ni la toleo la zamani la ngazi tatu, usilitumie kwenye hojaji ya ngazi tano. Chagua jedwali kabla ya kuona matokeo, na litaje katika ripoti pamoja na sababu yako.

Ukitaka kuunganisha mwaka mzima kuwa namba moja, chukua wastani wa kila vipindi viwili vinavyofuatana, uzidishe kwa sehemu ya mwaka. Tuseme mgonjwa ana 0.20 mwanzoni, 0.60 mwezi wa 3, 0.80 mwezi wa 6 na 0.90 mwezi wa 12:

- Mwanzo hadi mwezi wa 3: (0.20 + 0.60) ÷ 2 × 0.25 = 0.10
- Mwezi wa 3 hadi wa 6: (0.60 + 0.80) ÷ 2 × 0.25 = 0.175
- Mwezi wa 6 hadi wa 12: (0.80 + 0.90) ÷ 2 × 0.50 = 0.425

Jumla ni 0.70. Kati ya mwaka mmoja wa afya kamili, ameishi sehemu saba za kumi.

## Hatua ya 10: Soma matokeo na uyarudishe

Anza na jedwali rahisi: kila swali, kila tarehe, asilimia ya wagonjwa katika kila ngazi. Halafu wapange wagonjwa mmoja mmoja katika makundi manne: aliyepata nafuu angalau kwenye swali moja bila kuzorota popote, aliyezorota bila nafuu, aliyebaki palepale, na aliyechanganya, yaani nafuu kwenye swali moja na kuzorota kwenye jingine. Kundi la mwisho lisome kwa makini. Humo utawakuta wanaotembea vizuri zaidi huku huzuni ikiongezeka, na wastani hautakuonyesha hao.

Linganisha walewale. Ukichukua wastani wa wote wa wiki ya 6 ukauweka mbele ya wastani wa waliobaki mwezi wa 12, unaweza kutangaza nafuu ambayo ni ya waliofika tu. Andika kwenye kila jedwali ni wagonjwa wangapi walihojiwa tarehe hiyo.

Halafu, kama kibali chako kinaruhusu, peleka majibu kliniki siku ileile. Sisi tulianza kubandika kipande cha karatasi mbele ya faili kabla mgonjwa hajaitwa: tarakimu tano za safari iliyopita juu, za leo chini, na namba ya mizani pembeni. Daktari mwenye wagonjwa wengi nje hana muda wa kusoma hojaji. Lakini akiona 21132 juu na 21135 chini, ataiweka eksirei pembeni na kuvuta kiti.